Msimu wa Viini Vilivyopauka

Juni 13

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana. Nimeanza kuandika kwa sababu hapa kwetu ukimwambia mtu neno, kabla jua halijazama mama mkwe ameshalisikia, na mimi nina maneno mengi.

Niyaweke wazi, nisije nikajidanganya baadaye. Librado, mume wangu, yuko ng'ambo ya mpaka, Arkansas, Marekani, kwenye kiwanda cha kuchinja kuku. Anataka niuze kuku wangu wa mayai, nifunge nyumba hii ya shamba, nikakae na mama yake kule kando ya mji wa Tepatitlán. Anasema mwanamke mmoja huku na mwingine kule ni majiko mawili ya bure. Mimi nimemwambia sitoki. Tumevutana kwenye simu tangu Pasaka, mwisho tukakubaliana hivi: kuku wakivuka mvua hizi wakiwa bado wanataga vizuri, na Fermín bado ananunua mayai yangu, nabaki. Wakishindwa, ikifika siku ya Mtakatifu Fransisko, mvua zinapokatika, nafunga mlango na ufunguo nampelekea mama yake.

Nimesimama mlangoni kutazama maji mpaka kahawa ikapoa. Kukaa siwezi.

Juni 14

Mvua. Mayai kama kawaida.

Juni 17

Mama mkwe kaja na mahindi. Kaketi mbele kwenye pikapu ya jirani, mkoba mapajani, na magunia nyuma. Jina lake ni Cleofas, lakini simjui anayethubutu kulitamka mbele yake isipokuwa padri. Akashuka, akaingia bandani, akaangalia maranda, akaangalia vyombo vya maji, kisha akaniangalia mimi.

"Umekonda," akasema.

"Ni kazi, mama."

"Kazi haikondeshi mtu. Kinachokondesha ni kiherehere."

Mahindi yanatoka kwenye shamba la marehemu mumewe, na kila mwaka mwezi Mei, siku ya Mtakatifu Isidoro, hupelekwa kanisani yakabarikiwa. Hayauzwi, na hayatupwi hata punje. Kuku wangu anawapa bure. Nimeshukuru kwa heshima zote. Wanasema kutoa ni moyo, lakini moyo wa yule mama sijauona bado. Nahisi ananifunga kamba taratibu, ili siku nikihamia kwake nisiwe na mdomo wa kusema.

Juni 25

Jana, Sikukuu ya Mtakatifu Yohane, upepo uling'oa vigae vya ghala la mama mkwe. Habari nimeipata kwa wifi Eulalia. Ni dada yake Librado, anakaa ng'ambo ya mfereji, na hawezi kueleza jambo bila kuliigiza.

"Mama kapanda ngazi mwenyewe," akasema, "sketi kaifunga kiunoni, mafundi wamesimama chini wanatazama viatu vyao kwa adabu. Nikamwambia shuka, mama. Akanijibu, nyamaza, ngazi hii niliipanda kabla hujazaliwa."

"Na mahindi?"

"Yamelowa kidogo. Kayaanika, yakikauka atakuletea mengine."

Tukacheka sana. Wifi akicheka nami nacheka, hata siku ambazo sitaki.

Julai 2

Siku ya kuchanganya chakula. Nachanganya mwenyewe kwa koleo, juu ya sakafu: mahindi yaliyosagwa, pamoja na yale aliyoyaanika mama mkwe akayaleta jana, soya, chokaa ya kukaza maganda, chumvi, unga wa vitamini na madini wa dukani, na mwisho unga wa maua. Huo wa maua anautengeneza wifi. Analima yale maua ya manjano tunayowapelekea wafu makaburini mwezi wa Novemba, anayakausha, anayasaga. Kuku akila, kiini cha yai lake kinakuwa cha rangi ya chungwa. Bila maua hayo kiini ni cha hivi hivi tu, na wanunuzi wa mjini Guadalajara hawakitaki.

Anayenipelekea Guadalajara ni Fermín. Ana kipimo cha vipande vya rangi vinavyofunguka kama kipepeo cha kupepea moto, kila kipande na namba yake; rangi ikikolea, namba inapanda. Anavunja yai langu kwenye sahani, anafungua kipepeo chake kama mcheza karata, analinganisha. Waokaji wake wanataka kumi na tatu. Chini ya kumi na moja anafunga mlango wa gari na kuondoka.

Nimechanganya mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuiamini. Librado alikuwa akinicheka kwa tabia hiyo.

Julai 10

Kumi na mbili, kasema Fermín. Sijapenda.

Julai 17

Kumi na moja. Nimeongeza unga wa maua wiki nzima na bado kiini kimeshuka.

"Bi Obdulia, kuku wako wana huzuni?"

"Hawana huzuni. Ni mvua."

"Mvua inamnyeshea kila mtu. Kwa wenzako viini havijapauka."

Kachukua mayai, lakini kayachukua kama mtu anayekufanyia hisani. Nimezunguka banda mchana kutwa bila kujua natafuta nini. Nimefagia mahali nilipokwisha kufagia.

Julai 18

Nimevuka mfereji asubuhi. Wifi alikuwa anakoroga maharage.

"Wifi, unga huu umeuchanganya na nini?"

"Na mapenzi yangu kwako."

"Sifanyi mzaha. Nazidisha unga na viini vinazidi kupauka."

Akaacha kukoroga. "Kwa hiyo nimetia nini? Sema. Unga wa ngano? Vumbi la matofali?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umesema kwa macho." Akaweka mwiko chini polepole, na hapo nikajua nimeharibu. "Nalima maua kwenye kipande cha baba yangu, nainama mgongo unaniuma, nakupa kwa bei ya ndugu. Leo unakuja mlangoni kwangu na harufu yako ya banda unanipima kama mwizi. Haya, nenda. Na kile kikombe changu ulichoazima, ukirudishe."

Nimekirudisha. Nimekiweka juu ya ukuta wake nikaondoka bila neno. Nilikuwa na haki ya kuuliza. Lakini sasa sina hata wa kucheka naye.

Julai 21

Mvua. Usingizi hauji, na ukija unakuja na Fermín na kipepeo chake.

Julai 24

Nilikuwa nasaga pilipili nyekundu zilizokaushwa kwa ajili ya mchuzi, vidole vimekuwa vyekundu mpaka kwenye kucha, nikasimama ghafla na jiwe la kusagia mkononi. Kuku hawasikii ukali wa pilipili. Hilo kila mtoto wa hapa analijua, maana wanazidonoa shambani bila hata kupepesa jicho. Na rangi inayokaa kwenye kucha zangu siku nzima, kwa nini isikae kwenye yai?

Nimesaga ndoo nzima. Nimechanganya na chakula. Nimepiga chafya mpaka machozi, nikawa nacheka peke yangu bandani.

Agosti 2

Kumi na nne. Fermín kapiga mluzi.

"Umewapa nini hawa?"

"Furaha."

"Basi isiwaishie."

Nikampigia Librado hapo hapo, sikungoja aniulize. Nikamwambia kumi na nne.

"Kumi na nne ya nini?"

"Ya viini. Usijifanye hujui."

Nikasikia mashine nyuma yake. "Vizuri, mke wangu," akasema. "Mvua bado haijaisha."

Nimekata simu nikiwa na hasira. Nimepata kisima katikati ya jangwa, na yeye ananiambia jua ni kali. Anangoja nianguke, hilo tu.

Agosti 9

Mayai yamepungua. Maganda ni mepesi, mawili yamevunjika mkononi mwangu wakati wa kuokota. Nimeongeza chokaa.

Kuku hawatulii. Wanapanda kiota, wanashuka, wanapanda kingine. Wanakunywa maji mengi na chakula wanakichokonoa tu. Nimekaa nao leo muda mrefu na nikaona kwamba nimekuwa kama wao, nainuka kila wakati bila sababu.

Agosti 12

Kumi na tatu. Nimeongeza pilipili.

Agosti 16

Wamekufa wawili. Nadhani ni unyevu.

Agosti 20

Wamekufa wengine, wengi kuliko nilivyotaka kuhesabu. Miguu yao, ambayo ilikuwa ya manjano, imekuwa myeupe. Vilemba vya kichwani vimepoteza wekundu. Fermín kavunja yai, kalinganisha, kasema kumi na tatu, safi kabisa, kapakia trei zake. Nyuma ya banda nilikuwa na ndoo ya kuku waliokufa, nimeifunika kwa gunia. Sikumwambia. Nilimpungia mkono mpaka gari likapotea.

Agosti 22

Nimemwita Daktari Nabor, daktari wa mifugo. Nilichelewa kumwita kwa sababu daktari akionekana kwenye banda lako, habari inafika kwa mama mkwe kabla ya yeye kufunga mkoba. Leo nimesema na ifike.

Kaja na buti zake na uso wake wa kutosema kitu. Akachukua kuku aliyekufa asubuhi, akamlaza juu ya gunia, akampasua. Nimepasua kuku maelfu maishani mwangu na sijawahi kuona ini la namna ile. Lilikuwa kubwa, laini, na la manjano.

"Libonyeze," akasema.

Nikalibonyeza, likamomonyoka chini ya kidole gumba.

"Rangi hii umeitafuta kwenye mayai tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Ilikuwa huku."

Akaomba kuona chakula. Akachota mahindi kiganjani, akayanusa, akavunja punje kwa meno akaitema. Ndani kulikuwa na vumbi la kijani. Nimechota mahindi hayo kila siku kwa mikono hii miwili. Pilipili ilikuwa inanuka kiasi kwamba sikunusa kitu kingine.

"Yalilowa?"

"Kidogo. Yakaanikwa."

"Ukungu ukishaingia, jua haliondoi sumu. Linakausha tu. Hii ni sumukuvu, Bi Obdulia. Inaanzia kwenye ini. Kiini kilipoanza kupauka, kuku alikuwa anakwambia tumbo lake halichukui chakula tena, wala maua ya wifi yako wala vitamini. Wewe ukampa pilipili. Ni kumpaka mgonjwa wanja."

Niliona aibu, na niliisikia mpaka kwenye masikio.

Kasema dawa ya kufuta sumu hakuna. Mahindi yote yatoke. Yaingie mengine, makavu, na kwenye kila mchanganyo niweke udongo mweupe anaouuza yeye, ambao unainasa sumu iliyobaki tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Niongeze soya. Vitamini niwape kwenye maji, kwa sababu maji bado wanakunywa. Ini linajitengeneza lenyewe kama mwenyewe hajafa.

"Na mayai usiuze mpaka wawe wamekula chakula safi wiki kadhaa."

"Fermín anakuja keshokutwa."

"Basi keshokutwa utamwambia."

Alikuwa ameshafika kwenye gari ndipo akageuka. "Mahindi haya, nani mwingine anayala?"

Nimekuwa nikitembea ndani ya nyumba tangu alipoondoka. Ninajua nani mwingine anayala.

Agosti 24

Asubuhi trei zilikuwa zimepangwa ukutani, mayai masafi, na nilikuwa nimevunja moja kujaribu: kwa jicho langu, kumi na tatu. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Fermín akiondoka nayo, nabaki nyumbani kwangu. Akiondoka bila hayo, mimi ndiye nitakayeondoka. Nimelisema hilo kwa sauti mbele ya trei, ili nilisikie.

Akaja. Nikamwambia leo siuzi. Akacheka, akadhani nataka bei.

"Kuku wanaumwa," nikasema. "Wamekula mahindi yenye ukungu. Sumu inaweza kuwa imefika kwenye mayai."

"Tangu lini?"

"Muda."

"Na yale ya wiki iliyopita?"

"Na yale pia."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Yale yameshaliwa, Bi Obdulia. Yako kwenye mikate, na mikate imeshaliwa. Wiki iliyopita ulijua?"

"Nilijua wanakufa. Kinachowaua sikukijua."

"Na hukunena."

"Sikunena."

Sikuwahi kumwona na uso ule. Akafunga kipepeo chake akakitia mfukoni mwa shati. Akasema wauza mayai ni wengi katika nyanda zote hizi za Los Altos, na yeye hana muda wa kukisia nani anasema kweli. Sikumlaumu. Gari lake lilipopita kona nikachimba shimo nyuma ya banda, nikavunja mayai yote humo moja moja, nikilia mpaka pua ikaziba.

Agosti 25

Nimepata lifti mpaka kwa mama mkwe. Alikuwa jikoni anageuza tortilla, chapati zake za mahindi, kwenye kikaango. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilipofika yakanitoroka.

"Mama, mahindi yako yana sumu."

Akageuza tortilla. "Mahindi yale yamebarikiwa."

"Padri kayabariki Mei. Ukungu umeingia Juni."

Nilidhani atanitupia kikaango. Akageuza nyingine, akaibonyeza kwa vidole. "Nimeyala tangu Juni," akasema.

"Ndiyo maana nimekuja."

"Hukuja kwa ajili ya kuku wako?"

"Kuku nimeshapoteza karibu nusu. Nimekuja kwa ajili yako."

Lilipotoka mdomoni nikashangaa kuona ni kweli. Akaniangalia, akazima moto, akaitoa ile tortilla na kuiweka mbali, pembeni ya meza, kama kitu kilichotaka kumuuma. Hapo nikaogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya Fermín.

"Tumbo linanisumbua," akasema. "Nilidhani ni uzee."

Nimempeleka kwa daktari wa watu. Kachukuliwa damu. Amenituma huku na huko, nimletee shali, niondoe shali.

Agosti 26

Majibu: ini limeguswa kidogo, litapona, aache mahindi yale. Daktari kasema kuyachemsha na chokaa, kama anavyoyafanyia kwa ajili ya tortilla, kumemsaidia. Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikashindwa kuinuka, mimi nisiyeweza kukaa.

Kwenye ngazi mama mkwe akanishika mkono. "Magunia yaliyobaki, usiyatupe. Kilichobarikiwa hakitupwi."

"Mama, lazima yatoke."

"Sijasema yasitoke. Nimesema hayatupwi. Yatazikwa."

Agosti 28

Tumezika mahindi. Shimo tumelichimba kando ya shamba la marehemu, mvua ya rasharasha juu yetu, mama mkwe kasimama na rozari na mwavuli akituambia tuchimbe zaidi. Ndiyo, tuchimbe, kwa sababu wifi Eulalia alikuja na sepeto yake bila kuitwa. Tulichimba mpaka shimo likafika magotini.

"Wifi," nikasema mwisho. "Unga wako ulikuwa safi. Nimekukosea."

"Najua ulikuwa safi. Niliusaga mimi." Akatupa udongo, kidogo ukanirukia. "Kikombe changu kina ufa."

"Ulikuwepo."

"Haukuwepo. Lakini nimekusamehe wewe, kikombe bado."

Tukamwaga magunia. Chokaa juu, udongo juu ya chokaa. Mama mkwe akasali sala fupi, akatia ishara ya msalaba. Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa linanikera tangu Juni.

"Mama, kwa nini ulinipa mahindi yote yale? Wewe mwenyewe ulijibakizia machache."

"Ili kuku wako watage."

"Watage ili iweje?"

"Ili ubaki kwako." Akanitazama kama mtoto asiyeelewa hesabu rahisi. "Kwani unadhani nataka uje kukaa kwangu? Uje unipangie vyombo? Wewe, usiyeweza kukaa kitako muda wa kumaliza kikombe? Nimelea mume, nimelea watoto, sasa nyumba iko kimya na redioni nafungulia ninachotaka. Nimemkosea Mungu nini hata niletewe mkwe?"

Wifi akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Mimi nilikasirika kwanza, kwa kweli nilikasirika, maana hakuna anayependa kusikia kwamba hatakiwi. Halafu nikafikiria majira yote yale nilivyokuwa nalala nikipigana na mwanamke huyu kichwani, na yeye kule kwake anapigana upande wangu kwa mahindi. Nikacheka na mimi.

"Mbona hukumwambia Librado?"

"Mama hamwambii mwanawe kwamba hataki kutunzwa. Ataumia." Akafunga mwavuli. "Nilitegemea kuku."

Septemba 3

Mahindi mapya, udongo mweupe, soya, vitamini kwenye maji. Pilipili hakuna, maua hakuna. Leo amekufa mmoja.

Septemba 9

Hakuna aliyekufa. Nasubiri kesho kabla ya kushangilia.

Septemba 16

Usiku wa sikukuu ya taifa walipiga fataki, kuku wakarundikana kona moja wakikanyagana. Nimeingia kuwatawanya. Wana nguvu ya kuogopa sasa, na mwezi uliopita hawakuwa nayo.

Septemba 24

Vilemba vinarudi kuwa vyekundu. Mayai ni machache, maganda magumu. Navunja moja kila asubuhi: kiini cha manjano dhaifu, kimekaa wima katikati ya sahani. Fermín asingekitazama mara mbili. Mimi nakitazama mpaka wifi ananiuliza kama nakiabudu.

Oktoba 4

Mtakatifu Fransisko. Mvua ya mwisho ilipiga alfajiri kwa kishindo, halafu mbingu zikawa tupu.

Mama mkwe kaja asubuhi bila kuniambia anakuja kwa nini. Kaketi uwanjani kwenye kiti cha plastiki anachambua maharage. Simu ikalia saa ile ile niliyoiogopa.

"Nambie," akasema Librado.

Nikamwambia yote. Kuku nusu, mayai chini ya nusu, Fermín hayupo. Sikupunguza wala kupamba.

Akashusha pumzi. "Basi, mke wangu, makubaliano ni makubaliano. Sisemi kwa ubaya. Umepigana."

"Najua tulikubaliana."

"Utafunga lini?"

Nikafungua mdomo, na mkono wa mama mkwe ukaninyang'anya simu, ambayo sauti yake inasikika uwanja mzima.

"Librado, ni mama yako. Huyu haji kwangu."

"Mama, tulishapatana mimi na..."

"Mlipatana kuhusu nyumba ya nani? Mimi uliniuliza?"

Hata kuku nadhani walisikiliza.

"Mama, uko peke yako kule. Uliumwa juzi na mimi niko mbali. Nani atakutunza?"

"Nilipoumwa alikuja huyu. Alikuja kwa sababu ana kwake pa kutokea. Angekuwa anakaa kwangu, wakati huo tungekuwa tumeshanuniana hata hatuangaliani." Sauti yake ikalegea, jambo ambalo sijapata kulisikia. "Mwanangu, nakupenda. Nyumba yangu niachie. Na yake mwachie."

Akanirudishia simu. Librado alikuwa ameshakata.

Nikasimama pale, nikataka kumkumbatia, akanyoosha bakuli la maharage katikati yetu. "Nenda," akasema. "Hawajapewa maji."

Oktoba 12

Siku nane bila simu. Leo kapiga.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Hakugombana. Kasema pale kazini kuku wanapita mbele yake kwenye mnyororo kutwa nzima, wamening'inizwa miguu juu, hawaishi, na mtu lazima awe na kitu cha kuwaza ama atachanganyikiwa. Yeye huwaza jikoni. Anaweka sufuria, anaweka moto, anaweka watu.

"Majiko mawili yananichosha kuyawaza," akasema. "Nilitaka liwe moja, nyote mmo ndani. Hilo tu, Obdulia. Nyie mkadhani nawafunga."

Mimi niliyemwandika humu kwamba anangoja nianguke, nikaona haya. Nililia kimya, lakini nadhani alisikia.

"Basi njoo uyaone," nikamwambia. "Yote mawili."

"Nikija, sirudi tena huku. Kuvuka mpaka sasa si mchezo."

"Najua."

"Unajua, au unasema tu?"

"Najua, Librado."

"Nitakuja Desemba," akasema. "Nije nikae."

Ni miaka tisa tangu aondoke. Mahindi makavu nimeyaweka chumbani kwetu, maana ndicho chumba pekee kisichovuja, na magunia yamelala kwenye upande wake wa kitanda tangu Septemba. Alipokata simu nilikwenda kuyaondoa. Nimevuta gunia la kwanza mpaka mlangoni, nikalirudisha, nikalivuta tena. Sasa liko katikati ya chumba, na mimi nimekaa juu yake, naandika.